Maganda ya Mayai Nyuma ya Chumba Changu

Juzi tumemzika mama mkwe wangu kule Mwamapalala, na kwenye matanga mzee mmoja wa ukoo alisimama akasema marehemu hakuna alichokipenda duniani kama wajukuu zake. Watu wakaguna kukubali. Mimi nilikuwa nimeinama nasugua sufuria ya ugali nyuma ya jiko la nje, nikasugua mpaka kidole kikachubuka. Mzee hakudanganya. Angedanganya ningetulia, ningecheka kimoyomoyo na kuendelea na sufuria yangu. Alisema kweli. Yule mama aliwapenda wajukuu, na aliyempenda kupita wote ni binti yangu Limi, na kwa mapenzi hayo hayo alitaka kuninyang'anya. Kuna mwaka mmoja niliishi nimekaza meno kama mtu anayengoja kung'olewa jino, na kila nikianza kuusimulia watu wananikatiza: "Lakini mama yule alikuwa na nia njema." Nia njema! Nionyesheni kwanza mtu ambaye hajawahi kuumizwa na mwenye nia njema, halafu ndiyo tuongee.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata mtoto bila hata kupumzika katikati. Tulipanga chumba kimoja hapa Bariadi, nyumba ya vyumba vinne vilivyotazamana, uani choo na karo la kufulia, nyuma kabisa kipande cha ardhi ambacho mwenye nyumba alikuwa hajaamua akifanyie nini. Tulipanga, nasema, lakini aliyekuwa anaishi humo ni mimi na Limi. Baba yake alikuwa machimboni upande wa Kahama, anapiga simu Jumapili, anauliza "Mtoto anaendeleaje?" kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya hewa. Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo tatu, jiko la mkaa ambalo nililiingiza ndani upepo ukizidi, na dirisha lililoangalia barabara ya malori ya pamba. Msimu ule wa kununua pamba, vumbi liliingia mpaka kwenye chandarua, na nyuzi za pamba zilizodondoka kwenye malori zilining'inia kwenye miiba ya uzio kama mtu kachanachana shuka. Nikiwaza mwaka ule, kwanza nauona huo uzio mweupe. Pili nauona mkono wa Limi. Ulikuwa mwembamba. Mtoto kapita mwaka na mkono wake unaushika kwa kidole gumba na cha shahada, vinakutana, nafasi inabaki.

Maziwa yangu yalikauka baada ya homa iliyonilaza mwezi mzima, na tangu hapo Limi alikula uji. Uji wa mahindi asubuhi, uji mchana, jioni nampondea michembe, vile viazi vitamu vya kukatwa na kukaushwa tulivyoletewa kutoka kijijini. Anashiba, tumbo linajaa, halafu nywele zinabadilika rangi zinakuwa kama za mahindi mabichi. Kliniki nesi alimning'iniza kwenye mizani, akaangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Mama Limi, uji mtupu haumjengi mtoto. Mboga za majani, dagaa, yai ukipata. Kila siku." Kila siku! Kiangazi kile mboga sokoni ilikuwa imesinyaa kama kitambaa cha jikoni, na ukichelewa kidogo huikuti hata hiyo iliyosinyaa. Nilirudi nyumbani nikatazama kile kipande cha ardhi nyuma ya choo. Udongo mweusi wa mbuga, ule wetu, ambao masika unakuvua viatu na kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mkono. Nikasema hapa patatoka mchicha, patake pasitake.

Mama mkwe alikuja kabla sijaotesha hata jani. Alishuka kwenye bodaboda na kuku mmoja, kibuyu cha maziwa ya mgando na mkoba wake wa ngozi ya kuigiza. Nikapiga goti. "Mwadila, mayu." "Mwadila. Mhola?" "Mhola duhu." Kisukuma hicho: mayu ni mama, mhola duhu ni salama tu, na wote wawili tulijua si kweli, kwa sababu macho yake yalikuwa yameshaupita mgongo wangu na kumfikia mtoto. Alimpakata, akambinya mkono, akampapasa nywele. Tukala ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, akanilisha sifa za ugali wangu, nikaanza kupumua. Baadaye nilikuwa ndani namlaza Limi, nikamsikia kwenye karo akiongea na Mama Zuhura, jirani yangu wa mlango wa pili, anayeuza chai na mayai ya kuchemsha stendi. Ukuta wetu ulikuwa wa tofali moja, hata kikohozi kilipita. "Mimi nimezika wawili wa hivi hivi," alimwambia. "Nywele nyekundu, tumbo kubwa, wanacheka tu. Siku moja unaamka hawacheki." Maji yakamwagika. "Huyu sitamzika. Kwangu kuna ng'ombe, atakunywa maziwa. Huyu binti amesoma, lakini mtoto halishwi shule." Mama Zuhura akasema, "Lakini dada, mtoto na mamake..." Akamkata: "Mamake nitamletea salamu."

Niliposikia hilo la wawili nililia. Niliposikia hilo la salamu machozi yakakauka yenyewe.

Jioni yake akatoa pamba kwenye mkoba, pamba ya shambani kwake, akakunja kitenge juu ya goti akaisokota pajani kwa kiganja mpaka ikawa uzi mwembamba mgumu. Akamfunga Limi kiunoni. Kwetu mtoto kufungwa uzi kiunoni ni jambo la kawaida, ndiyo mizani ya bibi zetu: ukilegea mtoto anaisha, ukikaza mtoto ananenepa. Lakini sijawahi kuona mtu anafunga uzi huku ananiangalia mimi usoni. Alipiga fundo la aina yake, la kufungia ndama, akapitisha vidole viwili kati ya uzi na ngozi, vikapita na kucheza. "Unaona?" akasema. "Nitarudi mvua za kwanza zikikaribia. Vidole hivi vikipita kama leo, naondoka naye. Nimeshaongea na baba yake." Nikampigia baba yake hapo hapo. "Mama ameniambia," akasema. "Si ni kwa muda tu?" Nikamuuliza muda ni nini. Mtandao ukakata, au aliukata, mpaka leo tunabishana.

Basi nikaingia kwenye lile shamba langu la upana wa mikeka miwili kama mtu anayeingia kwenye ugomvi. Hela ya mbolea ya dukani sikuwa nayo na wala sikuiwaza. Nilichokuwa nacho ni taka za jikoni na kichwa cha kidato cha nne. Mwalimu wa biolojia alituambia majivu yana potasiamu, na neno hilo nilikuwa nimelishika kama namba ya simu. Kila asubuhi nikazoa majivu ya majiko yote manne ya nyumba ile nikayamwaga kwenye matuta. Maji ya kuoshea mchele, kwenye matuta. Maji ya kuoshea dagaa, kwenye matuta. Maganda ya viazi, ya ndizi, nikafukia. Na kwa kuwa maji ya bomba yalikuja kwa kudra, hata maji ya kuchemshia maharage na ya mlenda yaliyobaki sufuriani sikuyaacha yapotee: yakipoa nayamwagia mchicha, nikijua nimeunywesha supu. Mama Zuhura alinipa makapi ya chai yake na maganda ya mayai, mfuko mzima kila akirudi stendi. "Chukua, Mama Limi. Wengine wanafuga kuku, wewe unafuga maganda." Maganda niliyafukia nusu nusu kuzunguka mashina, midomo juu, yakae kama vikombe vya kupokea maji. Mchicha ukaota. Nilichungulia kila nikienda chooni, na nilienda chooni mara nyingi kuliko haja. Ukaota, ukatoa majani manne, halafu ukaacha kukua ukaanza kuwa wa njano. Mishipa ya kijani, katikati njano, kama macho ya mgonjwa. Kila siku nikamwangalia Limi, nikauangalia mchicha, nikaona vyote viwili vinanifanyia kitu kimoja.

Nikaongeza majivu. Nifanyeje? Mtoto halali, mimi silali, naamka nimesikia bodaboda inasimama barabarani, nakwenda kuchungulia dirishani. Nilikuwa nimeanza kuuogopa uzi wenyewe. Kila nikimwogesha Limi vidole vyangu vinakwenda kiunoni kabla ya sabuni, na vinapita, vinacheza. Shetani aliniambia niufungue niufunge upya kwa kukaza. Nilishika lile fundo la ndama mara mbili. Sikuweza kulifungua, na hata ningeweza nisingeweza kulifunga tena vile lilivyokuwa. Yule mama hakuwa mjinga.

Walionionyesha kosa langu ni mbuzi. Mbuzi wa jirani walipenya kwenye uzio mchana mmoja, nikatoka na fimbo nikijua mchicha umekwisha. Haukuwa umeguswa. Walikuwa wamepiga magoti kwenye matuta wanaramba udongo. Wanaramba kwa ulimi kabisa, kama wanavyoramba chumvi wanayowekewa zizini. Niliwafukuza, nikachuchumaa, nikaona walichokifuata: juu ya udongo kulikuwa na ukoko mweupe, kama unga umemwagika. Nikauonja kwa ncha ya ulimi. Magadi. Nani asiyejua ladha ya magadi? Maharage tunayatia magadi yaive haraka, mlenda tunautia magadi uvutike, na mimi mwezi mzima nilikuwa naukamulia mchicha magadi pamoja na majivu, kwenye udongo wa mbuga ambao wenyewe tangu zamani una chumvi zake. Majivu yangefaa kule kwenye udongo mwekundu wenye uchachu. Huku kwetu nilikuwa nalisha kitu kilichokwisha kushiba, nakilisha mpaka kinatapika. Nikakaa chini pale pale nikatukana. Nilimtukana mwalimu wa biolojia, nikatukana potasiamu, nikamalizia na mbuzi.

Halafu nikainuka. Udongo wa juu niliukwangua nikautupa nje ya uzio, mbuzi wakashukuru. Niling'oa wote wa njano. Nikaenda kwenye zizi la mzee mmoja upande wa kutokea mjini, nikaomba samadi, siyo mbichi, ile ya chini kabisa iliyokaa mpaka haina harufu na inamomonyoka kama kahawa. Nilibeba kichwani ndoo baada ya ndoo na Limi mgongoni. Nikachanganya na makapi ya chai ya Mama Zuhura na maganda ya viazi yaliyokwisha oza, nikalowesha, nikaotesha upya, nikafunika na nyasi kavu maji yasikimbie. Maji ya mchele yakaendelea, ya dagaa yakaendelea, maji ya kumwogeshea mtoto yasiyo na sabuni yakaendelea, na kojo la Limi la asubuhi nilikuwa nalizimua kwenye ndoo nzima ya maji nalimwaga pembeni mwa mashina. "Astaghafiru," alisema Mama Zuhura aliponikuta. "Siku ukinikaribisha mboga, nikumbushe nimefunga." Lakini maji ya maharage yalikwenda chooni. Majivu yakaenda shimoni. Maganda ya mayai niliendelea kufukia, kwa mazoea tu. Kama yaliwahi kusaidia chochote kwenye udongo ule, sijui mpaka leo, na nadhani hayakusaidia.

Safari hii mchicha ulitoka mweusi kwa ukijani. Nilikata mchicha wa kwanza. Nikauchemsha, nikatwanga dagaa wakawa unga, nikachanganya na karanga, nikamlisha Limi kijiko kwa kijiko huku nikihesabu anavyomeza kama mlinzi. Yai lililopasuka stendi Mama Zuhura aliniletea, na lisipopasuka nahisi alikuwa analipasua. Siku ya kliniki mshale ulisogea, kidogo tu, nesi akasema "Endelea hivyo hivyo." Nikarudi nyumbani sina hata furaha, maana mama mkwe hakuamini mizani ya serikali. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa ziwa na watu wanafurahi, "mvua hiyo, mvua hiyo," na mimi kila wingu naliona kama bodaboda.

Walikuja wawili asubuhi kwa pikipiki, yeye na shemeji yangu Masunga, kaka wa mume wangu. Mama alinisalimia akapitiliza nyuma chooni. Nilikuwa nakoroga uji, nikasikia kimya. Kimya kinachokaa muda mrefu si cha mtu anayejisaidia. Nikatoka. Alikuwa amesimama kwenye matuta yangu, na kwa ncha ya ndala amefukua ganda la yai, na la pili, na la tatu, yamekaa duara kuzunguka shina, meupe, yametazama juu.

"Nani kakufundisha kufukia mayai?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ni maganda, mayu. Ni mbolea."

"Mbolea ni samadi. Yai ni kitu kingine, na wewe unajua ni kitu gani." Akamgeukia mwanawe. "Masunga, angalia. Mtoto haponi, kumbe pamefukiwa vitu."

Mnaotoka mikoa mingine mnaweza kucheka. Sisi huku neno la uchawi likishatamkwa uani halirudi mdomoni, linatoka getini lenyewe linakwenda mpaka sokoni, na mwanamke aliyetajwa hulea mtoto wa nani? Hata wangu mwenyewe wangenivua mgongoni. Masunga akasema, kwa upole uliotaka kuniua, "Shemeji, sema tu ukweli. Hapa ni nyumbani." Hasira ikanipanda juu ya woga. Nikaokota ganda, nikalipangusa kwenye kanga, nikalitia mdomoni nikalitafuna mbele yao. Lilitoa sauti kama changarawe. Nikameza. "Haya," nikasema. "Nimekufa?"

Mama mkwe hakupepesa. "Hata mchawi hula," akasema.

Hapo ndipo mlango wa Mama Zuhura ukafunguka, na yeye katoka na kanga moja, mswaki mdomoni. "Hayo maganda ni yangu mimi!" akapiga kelele. "Ya biashara yangu! Kama ni uchawi basi Bariadi nzima mmeshalogwa. Na wewe, shemeji wa watu, siyo wewe jana jioni umesimamisha pikipiki pale stendi ukala mawili, ukaomba na kachumbari ya bure?" Masunga akashika tumbo. Kweli kabisa, alilishika, halafu akaanza kucheka, na akicheka huwa anashindwa kujizuia, akainama akashika magoti. "Mama," akasema, "kama ni hivyo mimi nimekwisha." Mama mkwe alimwangalia kama anavyomwangalia ng'ombe aliyeingia kwenye mtama. Hakucheka. Lakini lile neno hakulirudia.

"Mleteni mtoto," akasema.

Nilimleta mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda, akamsimamisha Limi kati ya magoti, akainua gauni. Uzi ulikuwa umekuwa wa kijivu kwa maji ya kuogea. Kwanza alilitazama fundo, akaliinamia karibu kabisa, akalikwaruza kwa kucha kutafuta mahali lilipochezewa. Nikasema, "Ni lako, mayu." "Najua langu," akajibu. Halafu akaleta vile vidole viwili. Vidole vikagonga kwenye uzi vikakataa. Akajaribu kimoja, cha mwisho, kile kidogo. Kikaingia mpaka ukucha kikasimama, na Limi akanung'unika akasukuma mkono wa bibi yake. Chini ya uzi ngozi ilikuwa imekata mstari. Yule mama alikaa hivyo, kidole chake kimenaswa kwenye kiuno cha mwanangu, akatazama ukuta wa choo muda mrefu, na midomo yake ilikuwa inahesabu kitu au inaomba, sijui. Kisha akainama akaukata uzi kwa meno.

"Nywele bado," akasema.

"Nywele zinachelewa, mayu. Nesi amesema."

"Bado," akarudia. Akaukunja uzi ule akautia kwenye mkoba. Hakunisifu. Hakuomba msamaha kwa lile neno, na hajawahi, na sasa amekwenda nalo. Alikataa uji wangu. Mchicha aliutazama tu wakati anapita, akaruka tuta kwa uangalifu asiukanyage. Getini aligeuka akasema, "Nitarudi wakati wa kuvuna." Masunga akawasha pikipiki, akanipungia mkono akiwa bado anacheka, wakaondoka, vumbi likainuka barabarani likafunika malori mawili na duka la ng'ambo.

Nilisimama getini mpaka vumbi likatua. Mama Zuhura akaniita mara mbili ndipo nikasikia. "Mama Limi," akasema, "mtoto analia." Nikatazama chini. Nilikuwa nimempakata Limi, nimembana kifuani kwa mikono yote miwili, na alikuwa analia kweli, kwa sauti, ananisukuma apate kupumua. Nilijua natakiwa kulegeza mikono. Ilinichukua muda kuviambia vidole vyangu.